Nakuja ya Mwalimu Mbelwa

Usiku wa jana niliota kwamba nimelala, na usingizi wenyewe ndio ulionichosha. Nilikuwa nimelalia mkono pale mezani, simu imeegemea kopo la sukari, na ndani ya ndoto nikawa najitazama ninavyokoroma na kujiambia: Stumai, mama, huu si wakati wa kulala. Lakini sikusikia. Nikiwa macho mwenyewe huwa sijisikilizi, sembuse nikiwa nimelala.

Nianze na nilichokuwa nakipigania, maana ndoto bila hicho itaonekana upuuzi mtupu. Walimu wa wilaya yetu tuna timu ya sataranji. Kila mwaka timu inatoka Korogwe kwenda Tanga mjini kushindana na walimu wa wilaya nyingine. Na mimi, mwaka wa tatu huu, ni mchezaji wa akiba. Akiba wa mpira afadhali, anapasha misuli pembeni ya uwanja na watu wanamwona. Akiba wa sataranji kazi yake ni kubeba maji. Unasimama nyuma ya mwenzio na chupa mkononi, unamtazama anavyofikiri vibaya, unanyamaza, unampa maji.

Mwaka huu ikabaki nafasi moja. Wakatuambia tuigombee watu wawili kwa simu, kila mtu kwake: mimi na Mwalimu Mbelwa wa kule Bungu, milimani. Atakayeshinda anakaa mezani Tanga. Atakayeshindwa anabeba maji. Huyo Mbelwa sijawahi kumtia machoni. Nilichokijua ni kwamba kwenye simu amejiita Haraka ya Nini, na hapo tu ningekuwa na akili ningeshtuka.

Nilimbana. Nasema bila aibu, nilimbana vizuri. Alibaki na mfalme peke yake, amegota kwenye mstari wa mwisho ukutani, na mimi nina ngome mbili. Ngome ya kwanza imemzibia njia ya kutoka. Ya pili inasubiri tu asogee hatua moja, kushoto au kulia, popote apendapo, iteremke immalize. Zamu ilikuwa yake. Saa yake ilikuwa na zaidi ya nusu saa. Yangu ilibakiza dakika moja na ushee, kwa sababu mimi nafikiri, sichezi kama mtu anayefukuza kuku.

Basi Mwalimu Mbelwa hakusogea. Aliandika neno moja: "Nakuja."

Mchezo huu tunaujua. Mtu ameona ameshindwa, kwa hiyo hasogezi kete. Anaiacha saa yake itembee akitegemea utachoka, utasinzia, utakwenda jikoni kuzima jiko. Ukishaacha kutazama, anasogeza chap, saa yako inaanza kukatika wewe haupo, inakwisha, na aliyeshindwa anatangazwa mshindi. Sheria inaruhusu. Kinachokosekana ni haya usoni tu.

Nami nilikuwa nimetoka kusimamia mtihani wa darasa la sita kutwa nzima, nikafua, nikamwogesha mwanangu Sikujua na kumlaza. Mume wangu akaniita kutoka jikoni, "Mama Sikujua, ugali unapoa." Nikamjibu, "Nakuja." Nikaendelea kumtazama mfalme wa Mbelwa amesimama ukutani. Nikamtazama. Nikamtazama tena.

Ndipo saa ikanigusa bega.

Nainua kichwa. Ni saa ya ukutani, ile ya ofisi ya walimu yenye kioo kilichopasuka, imevaa ndala na imefunga mikono nyuma kama mkaguzi.

"Samahani kukusumbua, Mwalimu," inasema. "Mimi ni saa yake."

"Na yangu iko wapi?"

Inanionyesha kwa kidevu. Saa yangu imelala kwenye kochi, imefunikwa kanga yangu ya njano, inahema taratibu.

"Usiiamshe," inasema saa ya Mbelwa. "Akisogea yeye itaamka yenyewe. Na ikiamka, ina dakika moja na ushee ya kuishi. Ni saa changa sana."

"Na Mbelwa mwenyewe amekwenda wapi?"

"Anakuja."

"Najua ameandika anakuja. Nakuuliza amekwenda wapi."

"Anakuja, Mwalimu."

Nikachoka. Nikaiambia kwamba kwetu mtu akishika mlango, mgongo amekupa, akasema nakuja, maana yake anaondoka. Kila mtu anajua. Hata watoto wa chekechea wanajua. Hiyo nakuja ya Mbelwa ni nakuja ya kuja, au ni nakuja ya kwenda?

Saa ikafikiri kidogo, mshale mkubwa ukatetemeka. "Hakufafanua," ikasema. "Na asipofafanua, sheria inasoma kilichoandikwa. Ameandika anakuja. Kwa hiyo amevaa viatu, amefunga mlango, na sasa hivi anashuka mlima kwa miguu. Akifika hapa ndipo atakaposogea."

"Kutoka Bungu? Kwa miguu?"

"Ni mfalme. Anakwenda hatua moja, anapumzika."

Nikavuta kikombe changu cha maji ninywe. Saa ikakohoa.

"Umegusa."

"Nimegusa kikombe changu."

"Ukigusa, umehamisha. Ndiyo sheria ya sataranji, Mwalimu, na wewe ndiwe unayewafundisha watoto." Kweli ndiyo sheria, kete ukiigusa lazima uihamishe. Nikakihamisha kikombe, nikakiweka ukingoni mwa meza, upande wa mlango, bila kunywa. Kiu ikabaki. Kwa uchovu nikajikuna sikio.

"Umegusa," ikasema saa.

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikalishika sikio la kushoto, nikalihamisha, nikaliweka chini ya kidevu ambako kulikuwa na nafasi. Kuanzia hapo yote niliyoyasikia niliyasikilia kidevuni, na nakiri yalisikika vizuri.

"Nikae tu nimsubiri?" nikauliza.

"Wanaongoja hukaa chumba kile," ikasema, ikafungua mlango wa chumba anacholala Sikujua.

Naingia. Si chumba cha Sikujua. Ni ukumbi mrefu, sakafu yake ya vigae vyeupe na vyeusi, na kuna mabenchi yamejaa watu. Juu ya mlango wameandika kwa chaki, CHUMBA CHA WANAOKUJA.

Wa kwanza kumtambua ni Fundi Kibwana, fundi bomba wetu. Ana spana mapajani na amevua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu," ananiamkia, ingawa tunalingana. Ni mtu wa adabu sana akiwa hajafanya kazi.

"Marahaba. Fundi, bomba langu linavuja tangu mfungo wa Ramadhani."

"Si nilikwambia nakuja?"

"Uliniambia."

"Basi nipo njiani. Hii ndiyo njia." Akapigapiga benchi.

Pembeni yake amekaa fundi cherehani aliyechukua kitambaa changu cha harusi ya wifi yangu. Wifi ameshaolewa, ana mimba. Yeye bado amekunja kitambaa kwapani, chaki sikioni, anasema imebaki kukunja pindo tu. Nyuma yao kuna mwanafunzi niliyemtuma chaki mwaka juzi, ameota ndevu. Akaniuliza kama bado ninahitaji nyeupe au hata za rangi zitafaa.

Farasi wa sataranji alikuwa akizunguka ukumbini akitafuta choo. Anaruka hatua mbili mbele, moja pembeni, anatokea jirani na mlango wa choo. Anageuka, mbili na moja, anatokea upande wa pili wa mlango uleule.

"Mwalimu," akaniuliza, "choo hiki hakina mlango wa ubavuni?"

"Hakina."

"Basi nakuja," akasema, akawaruka mafundi wawili.

Kwenye benchi la mwisho kuna nafasi moja haijakaliwa. Hapo pamewekwa sahani ya ugali na dagaa, imefunikwa na sahani nyingine, na ugali umeshaota ngozi juu.

"Hapo pa nani?" nikauliza.

"Pa kwako," akasema Fundi Kibwana kwa upole. "Baba Sikujua alikuita, ukamwambia nakuja. Karibu, Mwalimu. Tusogeeni jamani, mwenzetu kafika."

Nikasema sikai. Nikasema mimi sifanani na nyinyi, mimi nina mchezo, nina mtu nimembana ukutani. Wakaniitikia kwa vichwa wote pamoja, kama watu waliokwisha kusikia maneno hayo kutoka kwa kila anayeingia. Hilo liliniuma. Nikapita moja kwa moja hadi mwisho wa ukumbi.

Mwisho wa ukumbi ni ofisi yetu ya walimu, na ukutani, chini ya ramani ya Afrika, amesimama mfalme wa Mbelwa. Ni mtu mfupi, mnene, taji lake limekatwa kwenye kopo la maziwa. Mbele yake, kumzibia njia ya kutoka, limesimama kabati langu la vyombo. Nikalijua kwa kitasa kilichovunjika. Na mbali kidogo, upande wangu, linanguruma friji langu. Ndipo nikaelewa kwamba ngome zangu mbili ni hizo. Kabati limeshafanya kazi yake. Friji ndilo la kumalizia.

"Mwalimu," akasema mfalme, "nimesimama hapa tangu magharibi. Malizia."

"Siwezi. Zamu si yangu."

"Sogeza tu hilo friji. Hakuna atakayejua."

"Zamu ni ya kwenu. Sogea wewe kwanza."

"Mimi sina miguu yangu. Mwenye mkono ndiye anayenisogeza, na mwenye mkono hayupo." Akabadilisha mguu wa kusimamia. Aliusema ukweli, unaonekana usoni. "Unadhani naogopa kufa? Kufa nimekufa mara nyingi, ni kazi yangu. Ninachokichukia ni kusimamishwa. Mtu ananiweka ukutani halafu anakwenda zake. Nimezeeka, Mwalimu. Visigino vinaniwaka moto."

Nikamletea kiti cha mwalimu mkuu. Saa, ambayo ilikuwa imenifuata nyuma na ndala zake, ikakohoa. "Mfalme hakai mpaka mchezo uishe," ikasema.

Nikarudisha kiti. Nikakaa mimi sakafuni, kwenye kigae cheusi, mgongo nimeegemeza kwenye friji. Tukawa tunangoja, mimi na mfalme wa adui yangu, na sijui kwa nini lakini nilimhurumia yeye kuliko nilivyojihurumia. Nilikuwa nimechoka mpaka kope zinauma, na ndani ya ndoto nikaanza kusinzia tena.

Kidevu changu kikasikia sauti nje ya mlango.

"Hodi."

Tukatazamana.

"Ndiye," ikasema saa.

"Hodi hapa," ikarudia ile sauti, bila haraka.

"Nisipoitikia itakuwaje?"

"Hataingia. Atasimama hapo nje mpaka saa yake iishe. Mimi ni saa yake na nakwambia, bado ninazo dakika nyingi. Ukisinzia, atanyoosha mkono dirishani asogeze. Ukimkaribisha, anaingia, anasogea mbele ya macho yako, na yako inaamka."

Nikamtazama mfalme. Nikatazama kochi, ambalo sasa lilikuwa ofisini pamoja na saa yangu na ile kanga. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwambia huyu mtu, maneno makali kweli, niliyapanga moja moja tangu jioni. Lakini mtu amepiga hodi. Unafanyaje? Sikulelewa hivyo.

"Karibu," nikasema.

Akaingia. Mrefu, mwembamba, nywele zimejaa mvi, suruali imejaa vumbi jekundu la Bungu mpaka magotini. Viatu amevivua mlangoni, amevipanga vizuri. Nikafungua mdomo nimpe yale maneno makali, ikatoka, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Za kazi?"

"Nzuri tu, Mwalimu."

"Baba watoto hajambo?"

"Hajambo."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Majirani?"

"Wapo."

"Mvua huku mmepata?"

"Kidogo."

"Mahindi je?"

Nikaona nilipo. Anachelewesha hata humu. Anachelewesha kwa salamu, na salamu huwezi kumkatiza mtu mzima. Alimuulizia mwalimu mkuu, akamuulizia mwalimu mkuu aliyetangulia, akauliza kama lile daraja lilishatengenezwa. Kila ninapojibu naona saa yake inatabasamu na mshale hausogei. Kumbe salamu haihesabiwi. Angeweza kunisalimia mpaka waliokwenda Tanga warudi.

"Mwalimu Mbelwa," nikasema mwishowe, "utakunywa maji?"

Akajifuta vumbi usoni. Sijui kama kuna aliyemuuliza hivyo karibuni. "Nitashukuru," akasema. "Njia ni ndefu."

Kikombe changu kiko pale nilipokihamishia, ukingoni mwa meza, upande wa mlango. Nikampa. Akakishika kwa mikono miwili, akanywa polepole, koo linapanda na kushuka, mpaka tone la mwisho. Mfalme wake akamtazama.

"Sasa niambie," nikasema. "Kwa nini hutaki kusogea? Umeshindwa. Unajua umeshindwa. Mimi kesho nina vipindi tangu asubuhi."

"Najua nimeshindwa," akasema. "Nimeshindwa tangu ulipokula farasi wangu wa pili. Ulicheza vizuri pale."

Farasi akaitika kutoka ukumbini kwamba hata yeye alipapenda.

"Basi?"

Mbelwa akakigeuza kikombe mikononi. "Mke wangu alifariki masika iliyopita. Nyumbani kuna viti viwili. Jioni naweka simu juu ya kile cha pili, nacheza. Mchezo ukiisha, mwenzangu anaondoka, kiti kinabaki kiti. Nisiposogea, haondoki. Najua mahali fulani kuna mtu amekaa ananitazama. Hata kama ananitukana."

"Nilikuwa nakutukana kweli," nikasema.

"Nilitegemea hivyo," akasema. "Si haba."

Hasira yangu yote niliyokuja nayo ikakosa pa kukaa. Lakini sikutaka aondoke hapo akidhani ni yeye peke yake mwenye jambo. Nikamwambia. Nikamwambia huu ni mwaka wa tatu nasimama nyuma ya watu na chupa. Nikamwambia huwa naona hatua nzuri, naiona kabisa, mwenye kiti haioni, na mimi ninachoruhusiwa kusema ni, maji haya hapa. Nikamwambia nataka kukaa mara moja tu, na nikishindwa nishindwe nimekaa.

Mwalimu Mbelwa akainamisha kichwa.

"Sikujua," akasema.

"Abee!" akaitika mwanangu kutoka chumbani.

"Hukuitwa wewe, lala," nikamwambia.

"Sikujua kabisa," akasema tena Mbelwa.

"Abee, babu!"

"Mwambie tu hakuna jambo," nikamnong'oneza Mbelwa, "vinginevyo hatalala." Akamwambia. Mtoto akalala.

Mbelwa akamsogelea mfalme wake pale ukutani, akamtazama visigino. "Umechoka, mzee mwenzangu," akamwambia, na kwa huruma tu, bila kufikiri, akamwekea mkono begani.

Saa ikakohoa.

"Umegusa."

Mbelwa akatazama mkono wake kana kwamba si wa kwake.

"Nilikuwa nampa pole."

"Umegusa, Mwalimu. Ukigusa, umehamisha."

Mwalimu Mbelwa alisimamia mitihani maisha yake yote. Hakubisha. Akamshika mfalme mkono, akamvusha hatua moja kushoto, kutoka kigae cheusi kwenda cheupe, taratibu kama anavyovushwa mtu barabara. Mfalme akatoa pumzi ndefu.

Papo hapo kanga ikaruka kochini. Saa yangu imeamka. Inakohoa sekunde, moja moja, kavu kavu, na kila ikikohoa inapungua mwili.

Naliendea friji, nasukuma. Halisogei. Nalijua friji hili, limejaa barafu za jirani yangu Mama Shemsanga, anazoziweka kwangu kila siku akisema atazichukua, anakuja. Nasukuma kwa bega. Linasogea kigae kimoja na ofisi inarefuka vigae viwili. Ukuta unakwenda mbali, ramani ya Afrika imekuwa ndogo kama stempu.

"Nisaidieni," nawaita wa ukumbini.

"Nakuja, Mwalimu," anaitika Fundi Kibwana bila kuinuka.

"Nakuja," anasema fundi cherehani.

"Nakuja," anasema mwanafunzi mwenye ndevu. Benchi zima linasema nakuja, sauti moja, tamu, na hakuna hata kisigino kimoja kilichonyanyuka. Saa yangu imekuwa ndogo kama ya mkononi. Nalia sasa, nasema wazi, nalia na nasukuma, nawaza chupa za maji, nawaza nitasimama nyuma ya kiti cha huyu mzee naye atafikiri mpaka nife.

Kisha friji likawa jepesi.

Nageuka. Mwalimu Mbelwa ameweka kikombe chini, ameegemeza bega lake upande wa pili, miguu mitupu imekita kwenye vigae.

"Wewe si wa upande ule?" namuuliza.

"Sukuma, mwanangu," anasema. "Nilisema nakuja. Nimefika."

Tukasukuma. Ukuta ukaacha kukimbia. Barafu za Mama Shemsanga zikagongana ndani, kabati la vyombo likatupisha, na friji likateleza vigae vyote vilivyobaki mpaka likagota ukutani, kwenye mstari uleule wa mfalme. Saa yangu ilikuwa kama kishikizo cha shati. Ikakohoa mara moja zaidi, ikanyamaza.

Mfalme akatazama kushoto, akatazama kulia. Akavua taji lake la kopo. Kisha akakaa chini, mzito, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake.

"Ahsanteni," akasema.

Nikaamka.

Shavu langu lilikuwa juu ya simu. Mume wangu amesimama mbele yangu na sahani mkononi, amenitazama kwa muda, naona.

"Ulikuwa unaisukuma hiyo simu kwa sikio," akasema. "Unahema kama umebeba gunia. Nikataka nikuamshe, nikaona uso wenyewe umekazana, nikakuacha."

Nikalipapasa sikio. Lilikuwa mahali pake, moto.

Nikaitazama simu. Mfalme wa Mbelwa amesogea hatua moja kushoto. Ngome yangu ya pili iko mstari wa mwisho, mstari wake yeye. Chini yake wameandika kwamba nimeshinda, na saa yangu imebakiza sekunde mbili. Nikajiambia, sawa, ni sikio. Sikio limegusa kioo, ngome imekwenda. Mambo kama hayo hutokea. Tanga ninakaa mezani kwa msaada wa sikio, na sina haja ya kumweleza mtu.

Kisha nikaona chini, baada ya ile "Nakuja" yake ya jioni, Mwalimu Mbelwa ameongeza maneno mengine.

"Nimefika. Asante kwa maji, mwanangu. Ya Tanga nitabeba mimi."

Nikasoma mara mbili. Kikombe changu kilikuwa ukingoni mwa meza, upande wa mlango, kitupu. Sikumuuliza mume wangu kama ni yeye aliyekunywa. Niliandika, "Karibu tena, Mwalimu. Hata kesho jioni, na tucheze bila saa," nikaituma.

"Mama Sikujua," akasema mume wangu, ameshafika mlango wa jikoni, "ugali huu nimeupasha mara mbili."

"Nakuja," nikasema.

Nikaiacha simu pale pale mezani, nikainuka, nikaenda.